Mtandao Uliopita kwa Bibi

Haya nilisimuliwa na mama yake Sindano, mwaka ule mvua zilipochelewa, tulipokaa benchi moja hospitalini tukisubiri kuitwa kwa daktari wa macho. Foleni ilikuwa haisogei, naye alikuwa na moyo wa kusema, basi akanieleza mwanzo mpaka mwisho. Nayaweka kama nilivyoyapokea.

Ilikuwa asubuhi, vikombe vya chai bado viko mezani. Sindano alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya kompyuta, ile ya mezani yenye sanduku lake, ubavu mmoja ameufungua, na vumbi la ndani amelipuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka akapiga chafya. Mkononi alikuwa na kadi ndogo ya kijani ya kushikia waifai, yenye antena mbili fupi zilizosimama kama pembe za konokono. Aliinunua ikiwa imetumika, kwa fundi wa kompyuta wa kule sokoni. Akaiingiza kwenye mwanya wake, akaibana mpaka ikalia tak.

Skrubu alizofungua alikuwa amezibana katikati ya vidole vya miguu ya bibi yake, maana sakafu ya nyumba ile ina nyufa, na kitu kikidondoka ndiyo umekiaga.

Akaligusa gumba la mguu wa kulia. Gumba likafunguka, skrubu ikamwangukia kiganjani. Akafunga ya kwanza, akagusa tena, akapewa ya pili.

Bibi mwenyewe, nikimaanisha kichwa, mikono na kifua, alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa baba mkubwa, akinyweshwa uji. Kwa kina Sindano alikuwepo kuanzia kiunoni kushuka. Ukuta ulipita hapo kiunoni.

Ilikuja kuwa hivyo baada ya babu kufariki. Aliacha nyumba moja na vijana wake wawili, baba mkubwa na baba yake Sindano, kila mmoja na mke wake. Wakagombana. Lililoanzisha ugomvi hakuna anayelikumbuka sawasawa. Wapo wanaosema ni mlango, wapo wanaosema ni ngazi ya kupandia darini. Ndugu wakaitwa, wakakaa mpaka viti vikawauma, wakakata shauri: nyumba igawanywe katikati kwa ukuta, toka mbele mpaka nyuma. Na ili pasiwe na maneno ya sufuria yangu na ufagio wangu, kitu chochote kinachoshikika kwa mkono kisivuke ukuta. Kilipo kibaki hapo hapo. Wote wawili wakakubali na kupeana mikono, na tangu siku hiyo hawakupeana tena.

Fundi mwashi akaja, akavuta uzi wake. Uzi ukapita juu ya kitanda cha mama yao, ambaye siku hiyo alikuwa amelala na homa.

"Na huyu je?" mwashi akauliza.

"Asogezwe huku kwangu," akasema baba mkubwa. "Mimi ndiye mkubwa."

"Asogezwe huku kwangu," akasema mdogo wake. "Mimi ndiye niliyekaa naye siku zote."

Sasa, mama anashikika kwa mkono. Akisogezwa huku atakuwa amevuka, akisogezwa kule atakuwa amevuka. Halafu kitanda kiko ndani ya chumba, na mwenye kitanda ndiye mwenye chumba. Hilo hawakulisema, lakini kila mmoja alilijua. Wakabishana mpaka mchanga na saruji vikaanza kukauka kwenye karai.

"Jamani," akasema mwashi, "uzi wangu haupindi, na hii saruji hainisubiri."

Wakamwambia ajenge. Akajenga. Alikuwa fundi mzuri, mtu wa mkono mwepesi. Matofali ya kiunoni aliyapanga moja moja, viungo akavipiga vizuri, akamwomba radhi mama kwa ule umajimaji. Mama hakuumia. Alisema tu kwamba anasikia ubaridi kidogo, na kwamba wasisahau kupiga plasta. Plasta ikapigwa.

Toka hapo mama mkubwa ndiye aliyemlisha, na mama yake Sindano ndiye aliyemfanyia yale mengine. Chakula kikishamezwa hakishikiki tena kwa mkono, kwa hiyo makubaliano hayakuvunjwa. Ukuta wenyewe ulikuwa haupitishi sauti. Neno la upande huu halikupenya upande ule. Wakitaka kutupiana maneno walitumia madirisha ya uani.

"Wao wanaweka, sisi tunatoa!" mama yake Sindano alikuwa akisema huku anakamua vitambaa.

"Mshukuru tunaweka," mama mkubwa alijibu kutoka dirishani kwake. "Tusipoweka mtakosa kazi, mkae mkitazamana!"

Ndivyo walivyoishi.

Sindano aliitwa hivyo kwa wembamba wake. Alikuwa amemaliza shule na alitaka kitu kimoja tu, kuingia chuo cha wapima ardhi. Mtihani wa kuingia ulifanywa kwa kompyuta, saa nane mchana, nyumbani kwako, mlango umefungwa, na kamera inakutazama ukiwa peke yako. Kwenye maduka ya intaneti haikuwezekana, maana watu hupita nyuma yako. Kwa simu haikukubali. Na simu yenyewe pale kwao ilishika mtandao ukisimama juu ya tangi la maji tu. Sindano alikuwa ameshalipima hilo tangi, kompyuta haikai. Mwakani umri ungekuwa umempita. Baba yake alikuwa ameshazungumza na rafiki yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwamba mambo yakishindikana binti akakae pale awapimie watu misumari.

"Ukiukosa huu?" mama yake akamuuliza.

"Siukosi."

"Nauliza, ukiukosa."

"Mama, mimi kupima misumari sitaki. Siukosi."

Waifai ilikuwa kwa baba mkubwa, kwenye kisanduku chenye taa za kijani, juu ya kabati, hatua chache tu kutoka kichwani kwa Bibi. Sindano akatoka kwa mlango wao, akazunguka nyumba, akabisha hodi. Baba mkubwa alikuwa karani wa posta kabla ya kustaafu, na mpaka leo kila jambo alilipitisha kwenye kanuni kwanza.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja mwenyewe, kuna jambo."

"Naomba kutumia waifai yako. Kwa ajili ya mtihani."

Baba mkubwa akakunja gazeti. "Hiyo waifai inashikika kwa mkono?"

"Haishikiki."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu sasa hivi hapo mlangoni. Mkono unapita."

Akafikiri. "Basi haimo kwenye makubaliano, na mimi nisichokatazwa kukupa siwezi kukunyima. Lakini waya hapana. Nisione waya."

"Sihitaji waya. Nina kadi."

"Leo wamekosa mtandao," mama mkubwa akasema akiwa na kijiko mkononi, "kesho watakuja kuomba pumzi."

"Pumzi tunazo, mama mkubwa. Ungesikia mama akikusema ungejua."

Mama mkubwa akacheka mpaka uji ukamwagika kidogo kwenye kidevu cha Bibi, akaufuta.

Neno la siri baba mkubwa hakuliandika, kwa sababu karatasi inashikika. Alimnong'oneza: mimindiyemkubwa, herufi ndogo zote, pasipo nafasi.

"Rudia."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Wewe?"

"Si ndilo neno lenyewe, baba mkubwa?"

"Ndilo. Lakini liseme kwa adabu."

Akalisema kwa adabu, macho chini. Kabla ya kutoka akapita kumsalimia Bibi kwa upande wa uso.

"Umeshafunga kadi?" Bibi akauliza.

"Nimefunga."

"Haya, nenda kahangaike nayo. Ile skrubu ya mwisho hukuichukua, ninayo."

Sindano akarudi, akaichukua skrubu, akakaa kwenye kompyuta. Akaweka programu ya kuiendesha ile kadi, fundi alikuwa amempa kwenye flashi. Kadi ikaamka, kitaa chake kikapepesa. Majina ya mitandao yakaanza kujipanga kwenye kioo: ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ya duka la dawa, ya mwalimu anayekaa mwisho kabisa wa mtaa, yote imefungwa. Ya baba mkubwa haikuwepo.

Akaingia kwenye mipangilio ya kadi. Kadi za namna ile hupenda kusinzia ili kuokoa umeme, akaikataza kusinzia. Akaiambia itafute masafa yote, ya mbali na ya karibu. Nguvu ya kutuma akaipandisha mpaka juu kabisa. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Ikaja ya kinyozi, ikaja ya duka la dawa. Akaifuta kadi yote na kuipanga upya kama iliyonunuliwa leo. Ikaja na ya bekari, iliyo mtaa wa tatu. Ya nyuma ya ukuta, hapana. Alifanya hivyo mchana kutwa, kesho yake akaanza tena, wala hakutukana. Alikuwa akishindwa anafunga nywele upya na kukaa.

Mwishowe akamwita fundi aliyemuuzia. Fundi akaja na miwani yake puani na simu mkononi, akaipitisha ile simu ukutani taratibu, juu mpaka chini, kama mtu anayepiga pasi.

"Mawimbi yanafika," akasema. "Yanafika hapa, yanageuka, yanarudi kwao."

"Kadi mbovu?"

"Kadi nzima kabisa. Ukuta ndio umeshika agizo. Si uliambiwa kitu kisivuke?"

"Uliambiwa kinachoshikika kwa mkono."

"Dada yangu, ukuta utajuaje mkono? Umesikia kisivuke, umeshika hilo hilo." Akapangusa miwani. "Niliwahi kukuta kama huu kwenye nyumba ya mapacha. Huku wanakaanga vitunguu, kule hawasikii hata harufu."

"Ulifanya nini?"

"Niliondoka," akasema fundi. Naye akanywa maji, akamkumbusha kwamba kadi ikishafungwa hairudishwi, akaondoka.

Sindano akabaki anautazama ukuta. Halafu akatazama kitandani, pale plasta ilipokutana na shuka. Akasema kwa sauti, peke yake, "Uji unavuka."

Akasimama. Akaisukuma meza mpaka ikagusa kitanda, antena zikaelekea nyayo za Bibi. Kwenye kioo, juu ya jina la kinyozi, ukatokea mtandao wa baba mkubwa, mstari mmoja. Akachukua kipande cha waya wa antena, akakichopeka katikati ya gumba na kidole cha pili. Mistari ikajaa yote.

Dirishani ikasikika sauti ya Bibi, imezunguka kwa nje. "Nani ananitekenya huko?"

Sindano akatoa kichwa dirishani. "Ni mimi, Bibi! Ni mtandao!"

"Unakwenda wapi?"

"Unakuja kwangu!"

"Haya, upite. Lakini upige hodi."

Kuipanga kadi kukawa kazi ya watu wawili. Sindano alibadilisha mpangilio, akachungulia dirishani, akauliza.

"Hii je, Bibi?"

"Hiyo inauma meno."

Akapunguza nguvu. "Na hii?"

"Hiyo kama nimekalia siafu."

Akapunguza tena. "Hii?"

Bibi akaisikiliza. "Hiyo nzuri. Kama mtu anapita na viatu mkononi."

Ilikuwa nguvu ya katikati. Mtandao ulikuja polepole lakini ulikuja. Bibi akikunja goti ulikatika, akikohoa ukurasa uliruka. Na kadiri siku zilivyokwenda akaanza kuvijua vinavyompita, akawa anavitaja tu huku amefumba macho, hana habari.

"Kuna mtu humu anauza pikipiki."

"Ni tangazo, Bibi. Liache lipite."

"Kasema ina matairi mapya."

"Wote husema hivyo."

Siku moja kabla ya mtihani Sindano alizunguka kwenda kumchana nywele Bibi. Bibi akamshika mkono. "Kesho ukikwama, pandisha nguvu."

"Sipandishi. Nguvu ya juu inakuumiza."

"Inauma meno. Meno yenyewe nimebakiwa na mangapi? Yaume. Wewe ukikwama nipige kidole kwenye unyayo, nami nikinyoosha mguu ujue nimekuambia pandisha."

"Bibi..."

"Nimelala hapa tangu ukuta huu uwekwe. Sijapata kazi nyingine yoyote. Usininyime."

Saa nane mchana mlango ulifungwa na madirisha yote yakafungwa. Mama yake Sindano alikaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafukuza kuku wasije wakalia. Kwenye kioo akatokea msimamizi wa mtihani, mama wa makamo mwenye koti la kijivu.

"Sema jina lako. Zungusha kamera nione chumba." Sindano akazungusha. "Naona miguu nyuma yako."

"Ni ya bibi yangu."

"Haruhusiwi mtu mwingine chumbani. Huyo ni mtu mzima?"

"Ni nusu. Nusu nyingine iko kwa baba mkubwa."

Msimamizi akafungua kanuni zake, akasoma kimyakimya. "Mtu anahesabiwa kwa uso," akasema. "Uso uko upande gani?"

"Kwa baba mkubwa."

"Basi chumbani uko peke yako. Anza."

Akaanza. Maswali yalikuja moja moja: pembe, miteremko, ukubwa wa kiwanja chenye upande uliopinda. Upande wa pili Bibi aliyataja yote yakipita, kwa sauti ya chini, na majibu yakirudi aliyataja nayo. Mama mkubwa alikuwa ameketi pembeni anachambua mchele. Baba mkubwa alikuwa na gazeti lake.

Katikati ya mtihani mama mkubwa akachoka na pembe, akawasha simu yake atazame harusi za watu. Mtandao ukagawanyika. Kwa Sindano swali likakatikia nusu, na kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Saa ya mtihani ilikuwa pembeni mwa kioo, inakwenda.

Sindano akakaza taya. Akausogeza mkono nyuma, macho yako kwenye kioo, akagusa unyayo kwa kidole kimoja.

Mguu ukanyooka.

Akapandisha nguvu ya kadi mpaka mwisho. Kule kwa baba mkubwa Bibi akashika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, akauma upindo wa shuka, halafu akautema ili aweze kuendelea kutaja. Kule kwa Sindano miguu haikutikisika. Vidole tu viligeuka vyeupe. Plasta ya kiunoni ikapiga ufa mdogo, na kiduara kikaacha kuzunguka.

Swali lililofuata ndilo hili, na Bibi alilitaja lote: "Mpaka wa viwanja viwili ukiangukia juu ya kitu kisichogawanyika, mpima ardhi afanye nini?"

Baba mkubwa akashusha gazeti. "Aupitishe hapo hapo," akasema. "Mpaka ni mpaka."

Bibi akasubiri. Jibu likaja kutoka miguuni, likapanda, likafika kifuani. "Asimamishe kazi," akasema Bibi. "Awaite wenye viwanja, na mpaka upindishwe."

"Huyo kafeli," baba mkubwa akasema, akainua gazeti lake.

Mama mkubwa akazima simu. Akaendelea kuchambua mchele, lakini mama yake Sindano aliniambia kwamba siku ile ule mchele ulipikwa na mawe.

Mtihani wa kompyuta hujisahihisha wenyewe papo hapo. Sindano alikuwa amejibu la mwisho na kufungua dirisha apate hewa, aliposikia sauti ya Bibi ikizunguka kwa nje.

"Mjukuu wangu! Umefaulu!"

"Mbona sijaona kitu?"

"Inakuja. Imenipita tumboni sasa hivi." Sindano akageukia kioo. "Haya, iko magotini."

Ikatokea kwenye kioo. Amefaulu. Mama yake aliacha ndoo na kuku, akaingia mbio, akamkumbatia, halafu akaikumbatia miguu. Sindano akashusha nguvu ya kadi kwanza, ndipo akalia.

Hakulia sana. Alinawa uso, akatoka, akamwita baba yake na baba mkubwa wote wawili waje uani, penye tangi la maji, ambapo ukuta wa nyumba unaishia na hapana upande wa mtu. Wakaja, kila mmoja akasimama kwenye kona yake ya tangi.

"Baba, baba mkubwa," akasema, "naomba ukuta upindishwe pale kitandani. Ni matofali machache. Bibi atoke, aweze hata kulala ubavu. Swali lenyewe lilikuwepo kwenye mtihani, na nimelipata."

Wakatazama chini wote wawili.

"Upinde kuelekea wapi?" baba yake akauliza.

"Kokote."

"Hakuna kokote, mwanangu. Ukipinda kuja kwangu chumba kimekwenda kwake."

"Na ukipinda kuja kwangu kimekwenda kwake," baba mkubwa akasema.

"Mimi sizungumzii chumba. Nazungumzia Bibi."

"Kwani nani kasema hatumpendi mama?" Baba mkubwa alikuwa ameumia kweli. "Tusingempenda, mmoja wetu angeshamwachia mwenzake zamani."

"Kweli kabisa, kaka," akasema baba yake Sindano.

Hakuwa amemwita kaka tangu ukuta ujengwe. Baba mkubwa akakohoa. Wakasimama pale, hawajui waende wapi na neno hilo. Halafu baba yake Sindano akauliza, kwa upole, kama ile waifai ingeweza kuendelea kupita baada ya mtihani, maana kuna mechi. Baba mkubwa akasema haimo kwenye makubaliano, kwa hiyo hawezi kuikataza.

"Ila mama asiwe anakunja magoti wakati wa taarifa ya habari," akaongeza. "Inanirudia huku na kunikatikia."

"Nitamwekea mto," akasema mdogo wake.

"Nikiwa mpima, nitakuja na uzi wangu mwenyewe," akasema Sindano.

"Utakapokuwa," wakamjibu, wote kwa pamoja.

Wiki hiyo hiyo mwashi akaitwa. Sindano alimwona akija na karai, akamkimbilia, kumbe alikuwa ameitwa kuziba ule ufa. Akauziba vizuri, akaulainisha kwa brashi yenye maji, akamwomba radhi Bibi kwa umajimaji.

Siku ya mapumziko kabla ya Sindano kusafiri kwenda chuoni, mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, mvua ile ya kunyesha bila haraka. Nyumba yote ilikuwa kwenye mtandao. Baba yake alitazama mpira. Mama yake, ambaye mwanzoni alikataa katakata, alitazama mitindo ya kushona magauni. Upande wa pili baba mkubwa alikuwa na taarifa zake na mama mkubwa na harusi zake. Bibi alilala amenyooka, mto umebana magoti, midomo inakwenda: kona, waziri, pindo la gauni, bwana harusi, goli.

Sindano alikuwa amemfundisha baba yake jinsi ya kuipanga kadi. "Hapa, baba, katikati. Usipandishe hata ikwame vipi."

"Na ikikwama wakati wa penalti?"

"Usipandishe."

"Haya, haya," akasema baba yake, na macho yake hayakutoka kwenye mpira.

Mvua ikaendelea. Mama mkubwa akasinzia kwanza, simu imemlalia kifuani bado inaimba. Baba mkubwa akafuata, gazeti usoni. Upande wa huku mama yake Sindano akajinyoosha kwenye mkeka, akasema anafumba macho tu, akakoroma. Baba yake alilala kabla mpira haujaisha.

Sindano akauondoa mto. Akaikunja miguu ya Bibi polepole, akaikanda, akainyoosha, akaikunja tena. Mtandao ulikatika na kurudi na hapakuwa na mtu wa kulalamika. Dirisha lilikuwa wazi kidogo.

"Bibi," akasema. "Wamelala wote. Vimeisha kupita?"

"Bado," sauti ikaja na mvua. "Kuna bi harusi mmoja, anatembea taratibu. Gauni refu."

"Mwache apite."

"Nimemwacha."

Sindano akaweka kichwa chake ukingoni mwa kitanda, kando ya nyayo, mkono mmoja umeshika kifundo cha mguu. Alikusudia kusubiri. Usingizi ukamchukua hapo hapo.

Bibi alisikia mkono ukilegea. Akatulia asimwamshe, akamsubiri bi harusi avuke kiuno, ashuke mapaja, apite magotini. Gauni lilichukua muda. Lilipomalizikia vidoleni na kutoka, pakawa hapana kinachopita tena, ila mvua juu ya paa, kwa pande zote mbili. Basi naye akalala, chali.